Mtoto wangu hasemi, tuongee vipi? Maswali ya wazazi kuhusu ishara na lugha ya alama

Nafundisha kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili katika shule moja ya msingi ya serikali huku Temeke. Watoto wangu wengi hawasemi, au wana maneno mawili matatu tu. Asubuhi wazazi wakiwaleta, na mchana wakija kuwachukua, husimama kidogo chini ya mwarobaini pale getini na maswali huanza. Yamekuwa yale yale miaka yote, nikaona niyaandike pamoja na majibu yangu, ili hata bibi wa Chamazi au Mbande asiye na nauli ya kuja getini ayapate. Nimeyaacha kwa maneno ya wanaouliza.

Mwalimu, nikimzoesha mikono si atakuwa mvivu wa kusema?

Hili ndilo swali la kwanza karibu kwa kila mzazi, na ndilo linalowachelewesha watoto wengi kuliko yote. Jibu ni hapana.

Kila mtoto, mwenye ulemavu na asiye nao, huanza na mikono. Kabla hajajua kusema "maji" anainua mikono abebwe, anapunga mkono baba akienda kazini, ananyooshea kidole paka aliyepita ukutani. Sijaona mzazi akimkataza mtoto wa miezi kumi kupunga mkono eti atakuwa mvivu. Tunafurahi, kwa sababu tunajua maneno yako njiani.

Tazama kazi iliyomo ndani ya neno moja dogo. Pumzi itoke, sauti ilie kooni, ulimi, midomo na taya vikutane kwa wakati wake, na vyote hivyo mtoto havioni. Mkono wake anauona. Wewe unauona. Unaweza kuushikilia hewani mpaka atazame vizuri, wakati neno likishatamkwa limepotea. Kwa mtoto mwenye Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili, tofauti hiyo ni kubwa zaidi: misuli ya mdomo imelegea, masikio mara nyingi hujaa majimaji, lakini macho yake ni mwanafunzi mzuri sana.

Na jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2006 watafiti Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walichapisha uchambuzi wa tafiti zilizowahusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliofundishwa alama au njia nyingine za kuwasiliana bila sauti. Kati ya watu 27 ambao taarifa zao zilikuwa za kuaminika zaidi, asilimia 89 walianza kusema zaidi ya mwanzo. Waliobaki hawakubadilika. Hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua.

Sitakudanganya kwamba kila mtoto atasema. Wapo ambao hawatasema. Hao ndio wanaohitaji mikono kuliko wote.

Ila ishike hii: ukitumia alama, sema na neno. Usinyamaze. Mikono na mdomo vinakwenda pamoja.

Sasa nianzie wapi?

Anzia masikioni. Wazazi huniambia, "Anasikia mwalimu, nikigonga sufuria anageuka." Sufuria haitoshi. Mtoto anaweza kuusikia muziki wa harusi mtaa wa tatu na asizisikie sauti nyembamba za S na F ndani ya neno. Anaweza pia kugeuka kwa sababu amehisi mtikisiko sakafuni au ameona kivuli chako. Kipimo cha usikivu hufanywa hospitali kwa mashine, hata kwa mtoto mchanga. Muhimbili wanapima. Ukiwa mbali, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, Temeke, Amana au Mwananyamala, uombe kuandikiwa rufaa.

Usikose kupima hasa kama mtoto aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, alipata manjano kali baada ya kuzaliwa, au masikio yanatoa usaha mara kwa mara. Usaha unatibika, na nimeona mtoto akianza kuitika jina lake baada ya masikio kutibiwa tu. Kwa watoto wachache Muhimbili hupandikiza kifaa cha usikivu ndani ya sikio, huduma waliyoianza mwaka 2017. Lakini hiyo hufaa zaidi ikifanywa mapema, ndiyo maana nasema kipimo kwanza.

Majirani wanasema ana udata, akakatwe. Wengine wanasema kimeo.

Udata, ule utando unaoushikilia ulimi kwa chini, unaweza kumpa mtoto shida ya kunyonya, au baadaye herufi chache zikamsumbua. Haumfanyi mtoto asiseme kabisa, wala haumfanyi asielewe anachoambiwa. Daktari ndiye wa kuutazama ulimi na kuamua. Kimeo usikiguse. Hakina kazi yoyote katika kuchelewa kusema, na watoto wamevuja damu na kupata maambukizi mabaya kwa wembe wa mtaani. Hapo sina lugha laini.

Ishara na lugha ya alama si kitu kimoja?

Hapana, na tofauti hii ina maana kubwa kwa mtoto wako.

Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili ya viziwi wa nchi hii. Ina sarufi yake na mpangilio wake wa sentensi, uso na mwili vinashiriki, na mtu anaweza kuitumia kusimulia msiba au kubishana siasa. Haitafsiri Kiswahili neno kwa neno. Kama kipimo kimeonyesha mtoto wako ni kiziwi, hiyo ndiyo lugha yake, na anaihitaji nzima, mapema, kutoka kwa watu wanaoiishi. Alama kumi za kuombea chakula hazimtoshi. Nenda naye Shule ya Viziwi Buguruni, watafute Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na wewe mwenyewe ujifunze. Na neno "bubu" liache kabisa. Ni tusi.

Mtoto anayesikia lakini hasemi, kwa sababu ya ulemavu wa akili, usonji au mtindio wa ubongo, kwa kawaida tunamfanyia tofauti. Tunaongea Kiswahili chetu cha kila siku, na katika sentensi tunaonyesha kwa mkono lile neno lililobeba uzito. "Twende tukale." Mkono unasema "kula". Njia hii ilipangiwa mfumo huko Uingereza miaka ya 1970 na mtaalamu wa tiba ya usemi, Margaret Walker, ukaitwa Makaton. Jina hilo limetoka kwenye herufi za mwanzo za majina ya watu watatu walioufanyia kazi: Margaret, Kathy na Tony. Alama zenyewe hawakuzibuni kutoka hewani, walizichukua kwa viziwi wa Uingereza.

Na sisi tufanye hivyo hivyo, tuchukue kwa viziwi wetu. Nasema hivi kwa sababu wazazi wenye simu nzuri wananiletea video za Marekani. Mama mmoja alimfundisha mwanawe "maziwa" kwa kufumba na kufumbua ngumi, kama mtu anayekamua ng'ombe, na "ongeza" kwa kugonganisha ncha za vidole. Ni alama halali, za Wamarekani. Nyumba ya tatu kutoka kwake anaishi fundi cherehani kiziwi, mtu mkarimu, na hakumwelewa yule mtoto hata kidogo. Alama ikitoka kwa jirani, mtoto anapata na mtu wa kuongea naye mtaani.

Alama zipi nimfundishe kwanza?

Kile anachokikimbilia. Wazazi wengi wanataka mtoto aanze na "shikamoo", "asante" na "naomba". Naielewa nia hiyo, ni malezi yetu, lakini kwa mtoto ambaye bado hajajua kwamba mkono wake unaweza kumgeuza mtu mzima, "asante" haimpi kitu. Kwa mtoto mmoja darasani kwangu neno la kwanza lilikuwa "feni", kidole kikizunguka juu. Umeme ukikatika alikuwa anakizungusha asubuhi nzima, na mimi nilimjibu kila mara: "Feni. Ndiyo. Umeme hakuna." Kwa mwingine lilikuwa "pikipiki".

Anza na alama tano hadi nane. Mbili au tatu za vitu anavyovipenda, "ongeza", "choo", "inauma". Na lazima ziwemo "sitaki" na "basi". Ya "basi" hata hatuhitaji kuitafuta, maana kila mtu mjini hapa hukung'uta viganja kuonyesha kitu kimekwisha. "Njoo" ni kiganja kikitazama chini na vidole vikivuta. "Wapi?" ni viganja viwili wazi na macho yakiuliza. Hizi mtoto ameziona tangu amezaliwa, unamkumbusha tu kwamba na yeye anaruhusiwa kuzitumia.

"Shikamoo" itakuja. Siku akikuinamishia kichwa, mjibu "marahaba" kwa sauti kamili, kama unavyomjibu mtoto yeyote.

Namfundishaje hasa? Nimemwonyesha mara mia, hafanyi.

Nitakusimulia la uji, kwa kuwa hapo ndipo na mimi nilipojifunza.

Saa nne tunagawa uji kwa vikombe vya plastiki. Nilikuwa na mvulana wa miaka minane mwenye Down sindromu. Akimaliza uji wake anakirusha kikombe. Kila siku. Niliona ni utundu, nikawa namtoa mkekani, wiki mbili nzima, na alikuwa akilia kilio ambacho mpaka leo nakisikia. Kumbe kikombe kile ndicho kilikuwa neno lake. Alikuwa anasema "ongeza" kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na mimi nilimwadhibu kwa kusema.

Tukaanza upya. Nikakaa chini mbele yake, uso wangu usawa wa uso wake, jagi likiwa magotini pangu analiona. Nikamimina uji wa vidole viwili tu. Akanywa. Nikashika jagi, nikamtazama, sikusema kitu. Nikahesabu moyoni mpaka kumi. Kumi ni nyingi sana ukiwa na watoto kumi na wanne mkekani, lakini watoto wetu wengi wanahitaji muda huo ili habari itoke machoni ifike mkononi. Akanivuta kiremba. Nikasema, "Ongeza!" huku nikigonga ngumi yangu kwa kiganja mara mbili, alama ya darasa letu, kisha nikamimina papo hapo. Sikumnyima mpaka afanye. Nilimwonyesha, nikampa. Vidole viwili vingine, tena kumi, tena "ongeza".

Siku ya sita aliinua kiganja akapiga paja lake. Haikuwa alama sahihi. Nilimimina haraka mpaka uji ukamwagika mkekani. Mtoto wa mwaka mmoja akisema "ati" tunampa maji bila kumsahihisha, basi na mkono upewe heshima hiyo. Baada ya mwezi mmoja na kitu kiganja kilifika kwenye ngumi chenyewe.

Kwa hiyo ukinambia umemwonyesha mara mia, nitakuuliza: ulimsubiri? Ulipokea alichofanya hata kama kilikuwa nusu? Na ulimwonyesha wakati anakitaka kile kitu, au ulimkalisha jioni amechoka ukamwambia "fanya hivi"? Usimnyime chakula ili aombe. Usimshike vidole kwa nguvu ukavikunja. Akihitaji msaada weka mkono wako chini ya wake ili aufuate, akitaka kuutoa autoe.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo, mikono haimtii. Hiyo si yetu, au?

Ni yenu. Tafuta ni nini kwenye mwili wake kinachomtii. Kwa wengi ni macho. Shika kikombe mkono mmoja na mpira mkono wa pili, ukiviachanisha, muulize, ungoje atazame. Anapotazama amejibu. Kwa mwingine "ndiyo" ni kutazama juu na "hapana" ni kufumba macho. Kwa binti mmoja ilikuwa kutoa ulimi kidogo, na familia nzima walikuwa wakimfuta mdomo bila kujua kwamba anawajibu.

Ukaaji ndio nusu ya kazi. Mtoto anayeteleza kwenye kiti anatumia nguvu zote kutafuta asianguke, hana iliyobaki ya kuongea. Nyonga zikae nyuma, miguu ikanyage kitu, kichwa kiegemee. Hospitali ya CCBRT pale Msasani wana watu wa mazoezi tiba wanaoweza kukuonyesha hili na kukushauri kuhusu kiti. Alama yake iandikwe na kubandikwa ukutani jinsi yeye anavyoifanya: "Akifinya mguu wa kulia ana kiu." Hiyo ndiyo alama yake sahihi.

Wangu ana usonji. Hanitazami, ananivuta tu mkono mpaka kwenye friji.

Kukuvuta mkono ni kuzungumza. Usiuondoe mkono wako. Nenda naye, ufike kwenye friji, na kabla hujafungua mwonyeshe kidole na alama ya kitu unachodhani anataka, sema jina la kitu hicho, fungua. Usimlazimishe akutazame machoni, kwa wengine wao hilo linachosha au linaumiza. Leta mkono wako pale macho yake yalipo. Na mikono yake ikipepea anapofurahi, iache ipepee. Si kila mwendo wa mkono ni ombi, lakini kila mwendo una habari.

Kama alama zinamwia ngumu, picha huwafaa wengi wao zaidi.

Picha na simu je?

Tumia. Piga picha vitu vya nyumbani kwako kwa simu yako: kikombe chake hasa, ndala zake, mlango wa choo chenu. Zichapishe stesheneri, zipakwe plastiki zisiloane. Mtoto anakupa picha, unampa kitu. Njia hiyo ya kubadilishana picha ilianzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost kwa watoto wenye usonji wasiosema. Mkono una faida moja, kwamba hausahauliki nyumbani wala hauishiwi chaji. Picha nayo inaeleweka hata kwa mtu asiyejua alama yoyote. Watoto wengi huchanganya vyote na sisi tunawaacha wachanganye.

Nyumbani ni mimi tu ninayejua. Bibi yake na dada wa kazi hawataki.

Mtoto anayeongea na mtu mmoja tu amefungiwa. Mama akienda Kariakoo kutafuta mzigo, mtoto anabaki bila lugha mpaka magharibi.

Bibi usimpe somo. Mpe kazi moja. Mwambie, "Mama, wewe ndiye unayempa chai, basi 'chai' mfundishe wewe." Bibi wa mtoto mmoja wa Yombo, aliyekuwa akisema haya ni mambo ya Wazungu, alimfundisha mjukuu wake "andazi" kwa namna alivyokuwa akisukuma unga, na leo ndiye anayenikosoa mimi. Dada wa kazi naye asiachwe pembeni, kwani mara nyingi ndiye anayekaa na mtoto saa nyingi kuliko wote. Mwonyeshe kwa heshima, msifie, umuulize na yeye ameona nini.

Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na uani mmoja, walimu wazuri kuliko wote ni watoto wa wapangaji wenzako. Wape alama kama mchezo. Wanashika kwa siku mbili na hawana aibu.

Watu kwenye daladala wanatushangaa.

Najua, na inauma. Lakini mtazame konda. Anaonyesha vidole kwa abiria aliye ng'ambo ya barabara, anagonga bodi dereva anajua aondoke au asimame, anakusanya nauli kwa kuchezesha sarafu bila neno. Jiji hili linaongea kwa mikono kutwa nzima. Mtoto wako yumo.

Mama mmoja alinieleza jinsi mwanawe alivyoanza kupiga kelele ndani ya gari la Mbagala, abiria wakamwambia amnyamazishe. Mtoto alikuwa anajibonyeza tumbo chini ya kitovu. Ni alama ya "choo" tuliyokuwa tumeifundisha shuleni, na mimi sikuwa nimemwonyesha mama. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo kila Ijumaa naandika kwenye daftari la mtoto alama za wiki, na kuichora kila moja japo mchoro wangu si mzuri.

Haoni na hasikii kabisa. Kuna njia?

Ipo, kwa kugusa. Alama hufanywa mikononi mwake, na kila jambo hutanguliwa na kitu cha kushika: kijiko kabla ya chakula, taulo kabla ya kuoga. Mguse bega kwanza ajue umefika, na umpe kitu kimoja kinachokutambulisha, bangili yako labda, aishike kila mara. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko hapa Dar es Salaam ina walimu wanaofundisha watoto kama wako. Nenda ukawaone.

Itachukua muda gani?

Wapo walioshika alama ya kwanza ndani ya wiki, na nina mmoja aliyechukua mwaka na miezi miwili. Usimpime kwa mtoto wa jirani. Andika kwenye daftari alichofanya, hata kama ni kutazama jagi tu.

Kwa nini unasisitiza "sitaki" na sehemu za mwili?

Kwa sababu mtoto asiyesema ndiye anayechaguliwa na watu wabaya. Wanajua hatasema. Nimekaa na familia iliyogundua jambo hilo kwa kuchelewa, na sitaeleza zaidi ya hapo.

Mfundishe alama za mwili mzima, pamoja na sehemu za siri, wakati wa kumwogesha, kwa utulivu, kama unavyomfundisha pua na goti. Mfundishe "inauma", "sitaki" na "nani". Na sasa sehemu iliyo ngumu kwa wazazi: akikuambia "sitaki" kwa ugali, kwa kubebwa, kwa kumpa mgeni mkono, ipokee pale inapowezekana. Mtoto ambaye "sitaki" yake haijawahi kusikilizwa nyumbani hatakuwa na sababu ya kuitumia akiwa peke yake na mtu. Palipo lazima, kama dawa, mwambie, "Nimeona hutaki. Ni dawa. Kidogo, halafu basi."

Shule inaweza kumkataa?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama watoto wengine. Vitengo vipo katika shule kadhaa za serikali za jiji hili, mbali na Sinza Maalum na Uhuru Mchanganyiko. Ukiambiwa hakuna nafasi, usirudi nyumbani moja kwa moja. Nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yako, ubebe cheti cha kuzaliwa na karatasi za hospitali.

Ameanza kutamka. Niache alama?

Ataziacha mwenyewe. Neno likiwa wazi, mkono hushuka bila kuambiwa. Akiumwa, akikasirika au akichoka, mkono utarudi. Usimkatalie.

Binti yangu ana miaka 14. Tumechelewa, eti?

Hamjachelewa. Ila usimfundishe kama mtoto wa miaka mitatu. Mambo yanayomhusu binti wa miaka 14 si mpira na bembea.

Nilimpokea mmoja wa umri huo, hana neno, hana alama, amekaa ndani miaka mingi. Kilichokuwa kikiwasumbua yeye na mama yake ni siku zake. Zikimfika anachafuka, anaogopa, anajificha nyuma ya kabati, na mama analia. Tukachagua alama moja tu, kiganja kikishuka tumboni mara mbili, maana yake pedi. Kila mwezi mama aliifanya huku akimpa pedi mkononi, akaziweka kwenye kikapu ambacho binti anakifikia. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Wa tatu alikitazama kikapu. Mwezi wa tano mama yake alikuwa jikoni anachambua mchele, binti akaja akasimama mbele yake, akashusha kiganja mara mbili. Alikuwa bado hajachafuka. Mama aliacha ungo hapo hapo akaja shuleni na kanga moja, kwa miguu, kuniambia kwamba mwanawe amemwambia.